Boila la makaa ya mawe au la gesi asilia kwa kiwanda kidogo cha kufua? Naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Mvuke_Mkuranga
Wakuu salaam. Nina kiwanda kidogo cha kufua mashuka na taulo za hoteli, huku Mkuranga. Mpaka leo natumia kuni, na kuni zimenishinda. Mvua ikinyesha wiki mbili zinakuwa mbichi, moto haupandi, mashine ya pasi inakosa presha, na dereva wa hoteli yuko getini anapiga honi. Nataka boila la kutoa mvuke kilo 500 kwa saa. Swali ni moja tu: makaa ya mawe au gesi asilia, kipi kitanilipa? Eneo liko wazi, nafasi siyo tatizo. Usingizi sipati.

MamaLishe_Temeke
Gesi, baba. Mimi tangu niachane na mkaa masufuria yangu yanang'aa na macho hayaniwashi. Nunua mitungi mikubwa miwili, uunganishe, kazi imeisha.

Fundi_Stimu
Dada, hiyo ya mtungi ni gesi nyingine. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Anayoulizia yeye ni ya Songo Songo na Mnazi Bay, karibu yote ni methani, nyepesi, ikivuja inapanda juu. Hata matundu ya hewa ya chumba hayawekwi mahali pamoja.

Mleta uzi, mvuke kilo 500 unadai joto kama megajuli 1,300 kila saa. Makaa ya Ruvuma kilo moja ina megajuli 25 hivi, ila boila dogo la kulishwa kwa koleo linapoteza theluthi nzima ya joto kwenye moshi na majivu. Utachoma kilo 80 kwa saa. Gesi, mita moja ya ujazo ina kama megajuli 37 na boila lake linashika joto vizuri zaidi, kwa hiyo mita 41 hivi zinatosha. Sasa usichukue bei ya mgodini, chukua bei ya mlangoni kwako, maana lori kutoka Mbinga, huko huko Ruvuma, linakata zaidi ya kilomita 900. Weka na mishahara ya watu wa koleo. Halafu majivu: ukifanya kazi saa 8 umechoma kilo 640, na zaidi ya kilo 100 zinabaki majivu kila siku ya Mungu. Utayamwaga wapi?

Mzalendo_Halisi
Makaa yetu yako Ngaka, Mchuchuma na Kiwira, tele. Waingereza wamechomea umeme makaa tangu 1882, wamekuja kufunga kituo cha mwisho Septemba 2024 wakiwa wameshatajirika. Sisi hata hatujaanza tunaambiwa tuache. Choma, kaka.

Binti_Songo
Mzalendo, hao hao Waingereza Desemba 1952 moshi wa makaa uliwakalia London siku tano, wakazika maelfu. Na gesi yenyewe ni mali yetu, inachimbwa toka 2004 pale Songo Songo. Uzalendo hauko kwenye masizi.

Mngoni_Asilia
Nimekulia Mbinga. 2022 bei ya dunia ilipopanda, makaa yakawa yanateremka kwenda kupakiwa melini bandari ya Mtwara. Malori usiku na mchana. Bibi yangu alikuwa na duka kando ya barabara, asubuhi anafuta mikate vumbi jeusi, adhuhuri anafuta tena. Lakini nisiseme uongo, vijana wetu walipata kazi na mimi ada yangu ya chuo ilitoka humo. Ndiyo maana huwa nashindwa kuyatukana makaa.

Fundi_Stimu
Tumeacha swali. Mleta uzi, bomba kubwa la inchi 36 la kutoka Mtwara kwenda Kinyerezi linapita huko kwenu, na viwanda vya Mkuranga vimeshaunganishwa. Huwezi kulitoboa tu, lazima kuwe na kituo cha kushusha presha, lakini uliza kama laini ya usambazaji iko karibu. Kama haipo, kuna gesi iliyoshindiliwa ya kuletwa kwa lori. Umeshauliza? Na kwa nini Ijumaa?

Mvuke_Mkuranga
Bomba nimeambiwa nisubiri. Ijumaa ni kwa sababu kuna boila nimelipia nusu. La mtumba, la makaa. Bei ilikuwa nzuri sana wakuu, ningechelewa lingeondoka.

Binti_Songo
Kumbe umeshaamua. Na hilo eneo "wazi" lina nini pembeni?

Mvuke_Mkuranga
Sijaamua, ndiyo maana niko hapa.
Ni kiwanja cha nyumbani. Boila litakaa nyuma ya nyumba ya mama, hatua ishirini kutoka dirisha lake. Mama ana pumu. Lakini nimefikiria: bomba la moshi litapanda mita 9, na upepo wa hapa mara nyingi unatoka baharini, unapeleka moshi upande wa mikorosho. Na kuni anazivumilia mwaka wa tatu sasa.

MamaLishe_Temeke
Mwanangu, anavumilia kwa sababu ni wewe.

Fundi_Stimu
Upepo haujasaini mkataba na wewe. Makaa yana salfa na vumbi laini lisiloonekana kwa macho, na ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu. Hewa ya ukaa nayo, makaa yatatoa kama kilo 190 kwa saa, gesi haifiki 90. Na mashuka meupe unayaanika wapi?

Daktari_wa_Hewa
Tuseme yote. Methani ikivuja kabla ya kuungua, kwa miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya hewa ya ukaa. Gesi ni nafuu ikiwa viungo vya mabomba vimekazwa. Kwa pua ya mama, hata hivyo, gesi ni bora bila mjadala.

Jicho_la_Tatu
Hii ni chai. Mwanzo "eneo liko wazi", sasa kuna mama, pumu na dirisha. Mwanzo anauliza, sasa ameshalipia. Huyu ni dalali wa makaa anapima soko, kesho ataweka namba ya simu.

Mzalendo_Halisi
Hata mimi nimeshtuka. Au ni wakala wa gesi, anamtumia mama kututoa machozi.

Mngoni_Asilia
Dalali gani anaweka pumu kwenye tangazo? Mwacheni.

Jicho_la_Tatu
Basi ataje mwaka kwenye kibati cha boila.

Mvuke_Mkuranga
1994. Presha ni bar 10. Herufi za kiwanda zimeliwa na kutu, nimezisoma kwa kupaka chaki. Mlango wa tanuru umefungwa kwa waya. Namba ya simu sitaweka.
Mashuka yanaanikwa uani. Mama ndiye anayeyaanua, kila moja analigeuza juani kutafuta doa, anasema ya hoteli hayana msamaha.

Fundi_Stimu
Mlango wa tanuru umefungwa kwa waya? Kaka, usimalizie hela. Boila la umri huo bila ukaguzi wa OSHA, wale wa usalama kazini, usiliwashe hata kwa kujaribu, bar 10 itabomoa ukuta wa nyumba hiyo hiyo. Na NEMC, watu wa mazingira, wanakuhusu pia. Mama amesemaje kuhusu hili boila?

Mvuke_Mkuranga
Hajui. Zege nimeshamwaga, anajua ni la kuwekea tangi la maji. Juzi kapanda mchicha pembeni yake.
Fundi, nikilichukua kwa sababu ya hela yangu iliyoko kule, linaweza kufungwa bana (kichomeo) ya gesi?

Fundi_Stimu
Wakati mwingine. Inategemea urefu wa tanuru na hali ya mirija. Piga picha ya ndani, usiku huu, na uso wa mirija uonekane.