Mama amekataa eksirei ya kifua, anasema mionzi itamletea saratani. Nifanyeje?

NyarWinam (Kisumu)
Hamjambo wadau. Mama yangu anaishi Maseno. Amekohoa zaidi ya mwezi na nguo zimeanza kumpwaya. Alitoa makohozi, majibu yakasema hakuna kifua kikuu, lakini daktari bado anataka apigwe eksirei. Amekataa katakata. Rafiki yake wa chama alipigwa picha mwaka jana, akaambiwa ana saratani, na miezi sita baadaye tukamzika. Mama anaamini mashine ndiyo iliyomtia ugonjwa. Isitoshe, mimi ni mjamzito na ndiye wa kumpeleka. Mama mkwe ananikanya nisikaribie hata mlango wa kile chumba, na eti mama akitoka asiniguse siku hiyo. Nimebanwa katikati ya kina mama wawili, nisaidieni.

Omwami_Luanda
Usimlazimishe mzazi. Mionzi ni mionzi, ama hamkusoma habari za bomu la nyuklia la Hiroshima shuleni? Mpe tangawizi na asali kwanza.

FundiPicha (Nakuru)
Kupiga eksirei ndiyo kazi yangu. Omwami, manyunyu na gharika zote ni maji, lakini huzikimbii kwa mbio sawa. Kila mtu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani, hata kwenye chakula; wastani wa dunia ni kama milisivati 2.4 kwa mwaka (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Eksirei moja ya kifua ni takriban 0.02. Hicho ni kiasi ambacho mtu hupata kwa siku tatu hivi akijipalilia mahindi.

Kuhusu rafiki ya mama, poleni sana. Ila saratani inayotokana na mionzi huchukua miaka kujitokeza, mara nyingi 10 au zaidi. Haiingii leo ikaua baada ya miezi sita. Ilikuwemo tayari, picha ikaifumania. Watu wetu hufika hospitali wamechelewa, basi picha na mazishi vinafuatana, na lawama inaiangukia mashine.

Wewe mjamzito kaa nje wakati picha inapigwa, basi. Mashine ikishanyamaza hakuna mionzi inayobaki, si kwenye nguo wala mwilini. Mkumbatie mama utakavyo. Kukaa mbali na wengine ni kwa waliodungwa au kumezeshwa dawa yenye mionzi, na hao huambiwa.

Mzee_Kibuye
Fundi, nanyi mnachangia hofu hii. Nilienda kliniki moja, siitaji, na maumivu ya mgongo. Siku hiyo hiyo nikapitishwa siti skani, ile mashine ya duara inayopiga picha nyingi za eksirei, bila maelezo yoyote, bili ikawa ndefu kama treni. Mgongo ukapona wenyewe.

FundiPicha (Nakuru)
Hapo sikupingi, mzee. Siti skani ya kifua ni kama milisivati 7, zaidi ya eksirei 300 kwa mpigo. Hatari bado ni ndogo: kadirio linalotumiwa sana ni kwamba milisivati 10 zinaweza kumletea saratani ya kuua mtu mmoja kati ya 2,000. Lakini haipigwi ovyo, hasa kwa mtoto. Uliza: majibu yatabadilisha matibabu yangu? Kwa tumbo, je, ultrasaundi ingetosha? Ultrasaundi na MRI hazina mionzi ya aina hii kabisa. Na mashine za eksirei zinahitaji leseni ya KNRA, ile mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nyuklia na mionzi iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Kuiulizia si utovu wa adabu.

Nesi_Bondo
Dada, milisivati achana nazo ukiongea na mama. Muulize wajukuu wanalala wapi. Kipimo cha makohozi huweza kukosa ugonjwa, na kama ni kifua kikuu, watoto ndio watakaofuata kukohoa. Siku ya kwenda avue mkufu na shanga, avae blauzi isiyo na vifungo vya chuma. Akiambiwa avute pumzi na kuishikilia, aishikilie kweli. Akitikisika picha inarudiwa, na hapo ndipo anapokula mionzi ya bure.

NyarWinam (Kisumu)
Wajukuu wawili wanalala naye kitanda kimoja! Nimempigia sasa hivi. Hajasema ndiyo, ila ameuliza kama foleni ni ndefu na kama atavuliwa nguo mbele ya wanaume.

FundiPicha (Nakuru)
Atapewa gauni, na anaweza kuomba mhudumu wa kike. Akitaka mtu wa kuingia naye, awe ndugu yako, si wewe. Jumatatu foleni ni balaa, aende katikati ya wiki.