Mchanga mweusi wa Sabaki na platini ya miamba ya pete: je, pana uhusiano?

MwanaMambrui:

Assalamu alaikum. Naomba msaada wa wenye elimu ya miamba. Hapa Mambrui, kusi inapokolea na mawimbi kuuchapa ufuo, mchanga mweupe huondolewa na hubaki utando mweusi ambao watoto huuchezea kwa sumaku za spika kuukuu. Hivi karibuni alikuja mtu anayejiita dalali wa madini, akawaambia vijana wa chama chetu cha akiba kwamba weusi huo ni dalili ya platini, kwa sababu platini ya Urusi na ya Alaska nayo ilipatikana katika mchanga mweusi wa mito, na kwamba mto Sabaki huko bara unapita juu ya "mwamba wa pete" wa aina hiyo hiyo. Anataka kila mwanachama achangie gharama za utafiti. Nimesoma kidogo nikakuta kwamba miamba hiyo ipo kweli duniani, na kwamba kila pete ina madini yake. Maswali yangu ni mawili: kwa nini madini yajipange hivyo, na je, mchanga wetu unaweza kuwa umetoka katika mwamba wa namna hiyo?

Mjiolojia wa Malindi:

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Dalali huyo amechukua jambo la kweli akalipeleka pasipo pake.

Miamba unayoisema ni ya ultramafiki, yaani yenye magnesi na chuma kwa wingi na silika chini ya asilimia 45 hivi. Ilitokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopenya katika ardhi na kuganda humo bila kufika juu. Katikati huwa duniti, ambayo karibu yote ni olivini, madini ya kijani yenye magnesi na chuma. Kuizunguka kuna mwamba wa olivini na klinopairoksini (madini mengine ya silika), kisha klinopairoksini yenye magnetiti, yaani madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, na hornblendi (madini meusi ya silika), na pembezoni gabro, mwamba mweusi wenye silika zaidi. Msidhani lakini kwamba ni duara zilizochorwa kwa bikari. Pale Duke Island, Alaska, pana viini viwili, na wataalamu bado wanabishana kama pete zilitokana na magma moja iliyopoa hatua kwa hatua au na magma kadhaa zilizosukumana zikiwa bado laini.

Mpangilio wa madini una sababu yake. Magma hii huzaliwa pale ambapo bamba la bahari, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, linazama chini ya bamba jingine, kwa hiyo ina maji mengi na oksijeni ya kutosha kuifanya salfa ibaki imeyeyuka. Olivini na kromiti, madini ya kromi, ndizo zinazoganda mwanzo. Platini, ambayo kwa kawaida hukimbilia kwenye matone ya salfaidi, yaani metali iliyoungana na salfa, wakati huo haina salfaidi ya kuikimbilia, basi huungana na chuma na kuganda kama aloi, yaani mchanganyiko wa metali, kandokando ya kromiti, ndani ya duniti. Chuma, pamoja na metali za titani na vanadi, hungoja zaidi, hata magnetiti inapoanza kuganda pamoja na klinopairoksini. Ndiyo maana Kachkanar, katika milima ya Ural, huchimbwa mwamba ambao chuma chake hakifiki asilimia 20, kwa kuwa vanadi iliyomo inalipa. Shaba na paladi, metali ya jamii ya platini, huwa za mwisho, salfa inapokwisha kujitenga, kama ilivyokuwa katika mgodi wa Salt Chuck katika kisiwa cha Prince of Wales, Alaska.

Kwa hiyo anayetafuta platini hatafuti weusi wa mchanga. Anatafuta duniti iliyo juu ya mto. Mchanga wa mito ya Nizhny Tagil, katika milima hiyo ya Ural, ulitoa platini nyingi kiasi kwamba Urusi ilitengeneza sarafu za platini kuanzia 1828 hadi 1845. Goodnews Bay, Alaska, nayo iko chini ya mlima wa duniti. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Yubdo, magharibi mwa Ethiopia, ambako platini huoshwa katika udongo uliotokana na duniti iliyooza na katika bonde la mto Birbir.

Mzee wa Ganda:

Naongezea upande wa mto, maana nimefanya kazi za mchanga mzito kusini ya Mombasa. Sabaki, ambao juu huitwa Athi na kisha Galana, hupita kwa sehemu kubwa juu ya miamba ya zamani iliyogeuzwa kwa joto na shinikizo, na kandokando ya lava ya Yatta, ambayo ni fonoliti, aina ya mwamba wa volkano, si ultramafiki. Kutoka huko huletwa ilmeniti na rutile, ambayo ni madini ya titani, zirkoni na magnetiti, pamoja na ganeti zile nyekundu mnazoziona zikichanganyika na weusi. Ni jamii ile ile ya madini yaliyochimbwa Kwale hadi 2024, na hata vilima vyekundu vya Magarini vinayo. Kwa hiyo mchanga mweusi wetu una thamani, lakini ni thamani ya titani, na hiyo huhitaji mamilioni ya tani.

Bahari ya Shela:

Mimi niko Lamu, na huku pia tumesikia maneno kama hayo, isipokuwa sisi tuliambiwa ni kromiti. Vilevile kuna kromiti Pokot Magharibi, sasa kwa nini isiwe huku?

Mjiolojia wa Malindi:

Kromiti ya Pokot ipo, ndugu, lakini ile ni ya vipande vya sakafu ya bahari ya kale vilivyobanwa katikati ya mabara. Huko haiko katika pete, huwa ni mifuko mifuko. Na maji ya Pokot hayatiririki kuja Lamu.

MwanaMambrui:

Nimewaelewa, wazee wangu, na ninawashukuru. Limebaki moja. Dalali alivuta mchanga kwa sumaku mbele ya vijana, akasema kinachoshikamana ndiyo platini. Nimjibu nini?

Mjiolojia wa Malindi:

Hapo kuna ukweli mdogo unaomsaidia kudanganya. Baadhi ya aloi za platini na chuma huvutwa na sumaku, na Nizhny Tagil zipo. Kwa hiyo mtu asimjibu kwamba platini haivutwi kamwe. Ila katika mchanga wa Mambrui kinachoruka kwenye sumaku ya spika ni magnetiti, na ilmeniti inayobaki nyuma huhitaji sumaku yenye nguvu zaidi.

Mwambieni aweke karai. Uzito wa magnetiti ni kama mara 5 ya maji na wa ilmeniti chini kidogo ya hapo, ilhali aloi ya platini ni mara 14 hadi 19. Mkiuzungusha mchanga ndani ya maji taratibu, magnetiti itaondoka na chembe ya platini, ya kijivu cha fedha, itabaki peke yake ukingoni. Kama anadai imo lakini ni ndogo mno kuonekana, basi sampuli ipelekwe maabara ipimwe kwa njia ya kuyeyusha kwa moto, chama kilipe maabara yenyewe na kipokee cheti moja kwa moja, bila fedha kupitia mkononi mwake. Tena muulizeni leseni ya kutafuta madini, kwa sababu chini ya Sheria ya Madini ya 2016 hakuna anayeruhusiwa kufanya utafiti wa namna hiyo bila leseni.