Kiangazi kinaingia: kumwagilia nyasi, kuziacha zilale au kupunguza eneo?

Jirani wa Ukoka
Wakuu, habari za leo. Mbele ya nyumba nina nyasi za mita za mraba 100 hivi, sehemu kubwa ni ukoka, na chini ya mti kuna zile za majani mapana. Mvua zimekata. Kiangazi kilichopita kilinitia adabu: kila jioni nilishika mpira dakika kumi, sikukosa hata siku moja, na bado uwanja ukageuka rangi ya gunia. Safari hii nina njia tatu kichwani. Nimwagilie kwelikweli, au niziache zikauke zenyewe nisubiri mvua, au nipunguze eneo niweke matandazo na mimea inayovumilia ukame. Aliyepitia atoe uzoefu.

Mzee Reki
Kilichokuponza ni hizo dakika kumi za jioni, usikisingizie kiangazi. Maji kidogo kila siku yanalowesha sentimita mbili tatu za juu tu, na mizizi inakaa huko huko yaliko maji. Jua likiwaka siku mbili, imeungua. Halafu majani yanalala na unyevu usiku kucha, hapo unafuga kuvu.

Nyasi zinazokua huhitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo uwanja wako wote ni lita 2,500 kila wiki. Kama maji hayo huna, njia ya kwanza ifute mapema.

MamaWaridi
Mimi niko njia ya kwanza, ila kwa kipande cha karibu na mlango tu. Namwagilia mara mbili kwa wiki, alfajiri, hadi maji yazame. Kujua muda wa kutosha si kazi: panga makopo matano yenye kuta zilizonyooka sehemu mbalimbali, washa kinyunyizio, kisha pima kwa rula. Kwangu kopo la katikati lilifika milimita 12 wakati la kona halijafika hata 4. Miaka miwili nilikuwa nailaumu ile kona kwa udongo mbaya, kumbe maji hayaifikii!

Usimwagilie kwa kalenda pia. Tembea juu ya nyasi ugeuke nyuma. Nyayo zako zikibaki zimelala pale pale, zina kiu. Zikinyanyuka, subiri. Baada ya kumwagilia, choma bisibisi ardhini. Ikizama hadi kwenye mpini bila kusukumwa sana, maji yamefika chini.

Kivulini
Natetea njia ya pili, maana watu wanaiogopa bure. Ukoka ukikauka juu haujafa. Una mashina yanayotambaa chini ya ardhi yenye akiba yake, yanasubiri mvua. Ukitaka kuhakikisha, ng'oa shina moja utazame kitako chake pale linapokutana na mizizi. Kikiwa cheupe na kigumu, liko hai. Kikiwa cha kahawia na kinapukutika vidoleni, hilo limekwenda.

Masharti yapo. Usiegeshe gari juu yake wala usipitepite, maana zikilala haziwezi kuziba jeraha. Usiweke mbolea. Ukiona ukame unarefuka, zipe milimita 12 kila baada ya wiki tatu au nne. Hazitarudi kuwa kijani, ila vitako havitakauka. Na ukiamua zilale, ziache zilale kweli. Wiki hii unaziamsha kwa maji mengi, wiki ijayo umechoka: kila zikichipua zinakula akiba, mwisho inaisha.

Jirani wa Ukoka
Kivulini, hata zile za majani mapana chini ya mti?

Kivulini
Hizo sizisemei. Nyingi za aina hiyo hutambaa juu ya ardhi tu, hazina akiba ya chini kama ukoka. Na mti wenyewe unazinyang'anya maji.

Fundi Kisu
Mmesahau kukata, na nusu ya vita iko hapo. Kabla kiangazi hakijakolea, pandisha mashine. Majani marefu kidogo yanatia udongo kivuli na mizizi inakwenda chini zaidi. Ukoka huvumilia sentimita 3 au 4, lakini za majani mapana usishuke chini ya 6. Kwa mkato mmoja usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu.

Kisu nacho kinolewe. Kesho yake inama utazame ncha za majani: kisu kikali huacha mkato mnyoofu, butu huchana, na ncha zinakuwa nyeupe zenye nyuzinyuzi kama kamba iliyofumuka. Kila mchano ni mahali pa kupotezea maji. Mabaki usiyakusanye, yaache yaoze hapo hapo, ni mbolea ya bure.

Kuhusu mbolea namuunga mkono Kivulini kwa kovu. Niliwahi kurusha urea kwenye nyasi kavu nikingoja mvua ya kesho. Mvua haikuja. Kwa muda mrefu uwanja ulikuwa na mistari ya kahawia iliyofuata mwendo wa mkono wangu, kila mgeni anauliza kama nimechora makusudi.

Shamba Dogo
Njia ya tatu ni nzuri lakini Jirani, usipande sasa. Mmea unaovumilia ukame huvumilia ukishashika mizizi. Ukiupanda leo utaumwagilia kuliko hizo nyasi unazozikimbia. Panda mvua zikianza, kiangazi tumia kuandaa.

Na matandazo peke yake hayaui ukoka, unapenya na kukushukuru. Mahali unapotaka kuua nyasi, lowesha udongo, funika kwa nailoni angavu, fukia kingo zote, acha jua kali lipike wiki 4 hadi 6. Mbegu nyingi za magugu na mizizi ya juu itaungua. Ndago ni habari nyingine, vile viazi vyake vya chini ni vikaidi, utachimba kwa mkono. Halafu chimba mfereji wa kina cha sentimita 15 kutenganisha na nyasi zinazobaki.

Mzee Reki
Chini ya mti nailoni haitafaa, kuna kivuli na kuna mizizi ya mti. Hapo ng'oa kwa mkono, weka matandazo unene wa sentimita 5 hadi 8, na yasiguse shina la mti. Ukiyarundika kwenye shina, gome linaoza.

Jirani wa Ukoka
Basi nimegawa. Mita 20 za mlangoni namwagilia, hizo ni lita 500 kwa wiki. Ukoka uliobaki unalala. Chini ya mti natoa nyasi, naweka matandazo.

Fundi Kisu
Mpira wako unatoa lita ngapi? Jaza ndoo ya lita 20 ukiangalia saa.

Jirani wa Ukoka
Nimepima. Sekunde 100. Ni lita 12 kwa dakika. Ina maana zile dakika kumi za kila jioni zilikuwa lita 840 kwa wiki kwa uwanja mzima, hata milimita 9 hazifiki.

Mzee Reki
Theluthi ya kiu. Ulikuwa unaziamsha kila jioni na kuzilaza na njaa.

MamaWaridi
Kwa mita 20 sasa ni dakika 42 kwa wiki. Gawa mara mbili, na ile saa ya jioni hamishia alfajiri.