Mrejesho: diski na pedi za breki za IST

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nichukue diski (sahani zinazozunguka na gurudumu) na pedi (vibao vinavyozibana) zipi za mbele kwa Toyota IST yangu, maana usukani ulikuwa unatetemeka kila nikikanyaga breki nikiteremka Kimara.

Mliosema nipime kwanza unene wa diski, asanteni sana. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe, na zangu zilishakuwa nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo kuzichonga zinyooke kusingesaidia. Diski za matundu nimeziacha: kwa gari la kazini na nyumbani sioni faida yake, na nyufa hupenda kuanzia kwenye matundu yale. Nimechukua za kawaida na pedi za seramiki, pale Gerezani, Dar, kushoto na kulia kwa pamoja.

Fundi alinifurahisha. Alisugua kutu yote kwenye habu (kitovu diski inapokaa), akafuta mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya, akapaka grisi pini za kalipa (kibanio kinachosukuma pedi). Moja ilikuwa imekwama! Nadhani ndiyo iliyomaliza pedi ya ndani ya zamani.

Usiku barabara ikiwa tupu nikazizoesha pedi na diski mpya: nafunga breki kutoka spidi 60 hadi 10, mara kumi, bila kusimama kabisa. Mtetemo umeisha. Pedali ya breki bado inazama kidogo, Jumamosi tunabadilisha mafuta yake na kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba.