Dagaa wa Tanganyika, kwa nini wavuliwe usiku tu?

Wakuu, hivi hawa dagaa wa Ziwa Tanganyika mchana wanaendaga wapi? Na ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, si wangejaa tu huko chini?

Mwanamaji: Huko chini hakukaliki mzee. Oksijeni inaishia kama mita 100 hadi 200 hivi, chini ya hapo samaki haishi. Mchana dagaa wanashuka kukwepa migebuka, wale samaki wakubwa wanaowala, maana mwangani wanaonekana vizuri mno, giza likiingia vile vidudu wanavyokula vinapanda juu na wao wanavifuata, ndo hapo karabai inapowakusanya. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu, wavuvi wengi wanapumzika.

Bibi Samaki: Umesahau kusi. Ule upepo wa kuanzia mwezi wa 5 unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, basi upande wa kusini maji ya chini yenye rutuba yanapanda, mwani unachipuka, vidudu vinashiba, na dagaa vilevile. Ziwa likizidi joto maji hayachanganyiki vizuri, chakula kinabaki kuzimu.

Muuliza swali: Kumbe! Na migebuka nao wanafuata taa?

Mwanamaji: Wanafuata dagaa, ndo maana unawakuta wavu mmoja 😂