Majibu ya vipimo kwa WhatsApp: siri iko wapi hapo?

Mwanamwanga: Wana Kigoma, mama yangu yuko Kalya. Daktari amenitumia majibu yake kwa WhatsApp, boti na nauli tumeokoa. Kaka anasema nimeianika siri ya mama. Siri gani, wakati meseji hizo zimefungwa mwanzo hadi mwisho tangu 2016 na hata kampuni haizisomi?

Fundi Simu Ujiji: Zimefungwa njiani tu. Zikifika, aliyeshika simu anasoma. Na bakapu ya Google Drive, ile nakala ya meseji inayotunzwa mtandaoni, haifungwi hivyo mpaka uwashe ulinzi huo mwenyewe, nao umekuja 2021. Naletewa simu za kubadilisha kioo, picha za vyeti vya hospitali zimejaa. Halafu wake za watu ndio wanaongoza kupekua.

Mama Zai: Wake za watu? Mimi nilikuwa namchajia mume wangu simu, meseji ya kliniki ikatokea juu ya kioo: "usikose dawa zako". Sikupekua. Miezi saba alikuwa amenificha kwamba ana virusi vya Ukimwi. Aliyekosea ni mimi?

Fundi Simu Ujiji: Dada, sikukulenga wewe.

Mama Zai: Mimi si mke wa mtu?

Mha wa Kasulu: Pole, lakini mgonjwa ana haki yake. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inasema majibu ni siri ya aliyepimwa.

Mama Zai: Sheria hiyo hiyo inamtaka amwambie mwenzi wake mara moja. Mbona hicho kifungu hukisemi? Wanaume mnasoma nusu ukurasa.

Mha wa Kasulu: Usituweke wote kapu moja. Mimi tulipima na mke wangu siku moja, tukaingia chumba kimoja.

Nesi Kibirizi: Jamani, hiyo meseji haikupaswa kutaja dawa. "Karibu Jumanne" inatosha. Na wazee wengi wanaandikisha namba ya mjukuu, kwa hiyo hata ufunge vipi, mjukuu ndiye anayesoma kwanza. Linaloniuma zaidi ni picha za vidonda vya wagonjwa kwenye makundi ya sisi wahudumu. Sheria ya taarifa binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na sisi tunazirusha hivi hivi. Mwanamwanga, mama aliulizwa kabla?

Mwanamwanga: Hapana. Namba ni yangu, niliitoa mimi.

Mama Zai: Fundi, bado nasubiri ulifute lile neno.