Behewa jipya la mfano la kubebea madini: tulipime vipi?

Mkazi wa Kampemba
Wandugu, salamu kwenu. Nimenunua behewa jipya la mfano, la wazi na lenye ubavu mrefu, la kipimo cha 1:87 (yaani dogo mara 87 kuliko la kweli), ambalo linatangazwa kuwa nakala halisi ya mabehewa ya madini yanayopita hapa Lubumbashi. Kwa macho linapendeza, ila linatembea juu ya reli zenye upana wa mm 16.5 kati yake, na ubavuni kuna herufi za kampuni mbili za reli, BCK pamoja na SNCC. Kabla ya kuagiza mengine, nianzie wapi kulipima?

Fundi wa Katuba
Ndugu, anzia kwenye reli. Njia yetu ina upana wa mm 1,067. Ukigawa kwa 87 unapata mm 12.3 hivi, ndiyo maana wanaoiga njia za namna hii kwa kipimo hicho hutumia reli za mm 12. Sasa zidisha 16.5 kwa 87: unapata mm 1,435, yaani upana wa kawaida wa reli za Ulaya, unaozidi wetu kwa zaidi ya sentimeta 36. Tofauti hiyo haifichiki, kwa kuwa bogi, yaani fremu za chini zinazobeba magurudumu, zinatanuka, magurudumu yanasogea kuelekea kingo, na lile umbo tunalolijua, la mwili mpana uliokalia njia nyembamba, linapotea lote. Wako wapenzi wa reli za mfano huko New Zealand, ambako njia ina upana kama wetu, ambao walibaki na reli za mm 16.5 lakini wakakuza behewa lenyewe hadi 1:64, na hapo hesabu inakaribia sana kukubali.

Kisha chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita. Mwili wa meta 12 lazima uwe mm 138 hivi. Tazama pia ukingo wa juu: plastiki ya mm 1 ni sawa na bamba la sentimeta 8.7, ilhali bamba halisi la chuma ni la milimita chache tu. Hakuna kiwanda kitakachofikia wembamba huo, lakini mtengenezaji mwangalifu huchonga ukingo kwa ndani ili jicho lisione unene.

Mstaafu wa reli
Mwanangu, maneno ya fundi ni ya kweli. Mimi naongeza maandishi. Kampuni yetu ya taifa ya reli iliundwa mwaka 1974 kwa jina la SNCZ na kuitwa SNCC baadaye, na BCK ni kampuni ya zamani za ukoloni, kwa hiyo herufi hizo mbili, zikiwa mpya na safi kwa pamoja, hazionyeshi mwaka wowote. Tafuta picha yenye tarehe, uamue behewa lako ni la mwaka gani, kisha ulinganishe hata mahali ilipoandikwa tara, yaani uzito wa behewa tupu. Uchunguze pia miisho yake: mabehewa ya kwetu yanaungwa kwa kiungo kimoja cha katikati, hayana bafa mbili za pembeni, zile za kupokea mgongano.

Mkazi wa Kampemba
Asante Mzee, asante fundi. Bafa mbili zipo. Je, nikibadilisha bogi, litafaa?

Fundi wa Katuba
Maandishi yanafutika na bafa zinakatwa, lakini ligeuze kwanza. Kama boriti za chini zimepangwa kwa bogi pana, bogi za mm 12 zitaacha nafasi tupu kila upande, na itabidi ujenge chasi nzima upya. Kwa bei ya kazi hiyo, mimi ningelirudisha dukani.